Kiti cha Mama Mchungaji

Mke wa mchungaji ana kiti chake. Katika kanisa lile la Kabasa, pale Bunda mjini, kiti cha Marieta kilikaa mbele kabisa, pembeni ya mimbari, kimewageukia waumini. Kina mama walikinunua kwa michango yao, wakakitandikia kitambaa cheupe cha kufuma. Ukikaa pale ukapiga mwayo, kanisa zima linapiga mwayo. Ukijikuna, wanajua umejikuna wapi. Na ukiinuka katikati ya mahubiri, we acha! Macho yote yanakusindikiza mpaka nje.

Marieta alikuwa na tabia ya kuinuka. Kesi ilianzia hapo.

Kazi yake ilikuwa uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe bila dume. Anavaa glovu ya plastiki inayofika begani, anaingiza mkono nyuma ya ng'ombe, na kwa mkono wa pili anapitisha mrija mwembamba wenye mbegu za dume la maana, dume ambalo ng'ombe mwenyewe hatakuja kulitia machoni. Mbegu zinakaa ndani ya mtungi wa gesi yenye baridi kushinda barafu. Mtungi anaufunga nyuma ya pikipiki yake, suruali chini ya sketi, huyo! Kibara, Butiama, popote simu inapoita.

Wanaume wa mnadani walimbatiza Mama Dume.

"Sawa, Mama Dume," aliwajibu siku moja, wala hakuzima pikipiki. "Ila dume langu halipandi binti zake kama hayo yenu. Ndiyo maana ndama zenu zinalingana na mbuzi."

Mumewe, Mchungaji Jastin, alikuwa na hadithi ya wito wake, na kila mgeni aliiomba: jinsi alivyolala na malaria kule Murangi, akasikia anaitwa kwa jina, akaamka homa imekwisha. Watu walitikisa vichwa na kusema amina. Marieta hakuna aliyemuuliza wa kwake, lakini alikuwa nao. Alikuwa msichana wa shule ya msingi, Butiama, ng'ombe wa baba yake alipokwama kuzaa. Mikono ya wanaume ilikataa kuingia. Baba akamwita, "Wewe mwenye mkono kama fimbo, njoo." Akaingiza mkono kwenye lile giza la moto, anatafuta mguu, akakutana na mdomo. Na ndama yule, hata duniani hajafika, akaanza kumnyonya kidole. Kama huo si wito, basi neno lenyewe lirudishwe dukani.

Sasa siku moja Mzee Mashimba, mwenyekiti wa wazee wa kanisa na mfugaji mwenye zizi lake, akaja nyumbani kwa mchungaji. Akanywa chai, akafuta sharubu, akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye maneno.

"Mchungaji, mama hatuna shida naye. Shida ni mkono. Mkono huohuo anawawekea watoto kichwani anawaombea. Watu wanasemaga."

"Wanasemaga nini, mzee?" Marieta aliuliza kutoka mlangoni, chupa ya chai mkononi.

"Naongea na mchungaji, mama."

"Lakini mkono ni wangu."

Mzee akageukia kikombe chake kama vile hakusikia. Uamuzi wa wazee ulikuwa huu: Jumapili Mama Mchungaji akae kwenye kiti chake mwanzo hadi mwisho, la sivyo kiti akirudishe. Na mchungaji ambaye nyumba yake haitawaliki, mzee aliongeza taratibu, makanisa ya mbali hayakosekani, apelekwe huko.

Jumapili iliyofuata Marieta akatii. Simu ikatetemeka kwenye mkoba wakati wa sala, ikatetemeka tena wakati wa sadaka, naye ameketi mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha. Aliyepiga alikuwa Mama Luhende, mjane wa njia ya kwenda Kibara. Alikuwa na mtamba mmoja tu, aliyemnunua baada ya kuuza pamba, na mtamba huyo alikuwa kwenye joto, anataka dume, tangu usiku. Ibada ikaisha, wageni wakala, vyombo vikaoshwa. Marieta alipofika kwa mjane jua lilikuwa linazama, na ng'ombe alishatulia, anacheua zake. Muda umepita.

"Si neno, mama," Mama Luhende alisema. "Kanisa ni kanisa."

Afadhali angemtukana.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Sikai tena."

Jastin akajisugua kichwa. "Sasa wazee niwaambie nini?"

"Waambie uliniposa Butiama ukanikuta na glovu. Mimi nimeolewa na Jastin. Kanisa halijaniajiri."

"Unanigombanisha na watu, Marieta."

"Wewe ulipoitwa Murangi, uliomba ruhusa kwa nani?"

Jastin akafungua Biblia yake. Mahubiri anayaweza, lakini kwa mke wake hajawahi kushinda.

Ng'ombe asipopata mimba hurudi kwenye joto baada ya wiki tatu. Haya, hesabu mwenyewe: Jumapili ukiongeza wiki tatu unapata Jumapili. Siku hiyo Jastin alikuwa ndiyo anaingia pointi ya pili ya mahubiri simu ilipotetemeka. Ujumbe ulikuwa mfupi: *Amerudi kwenye joto, analia tangu jana usiku.*

Marieta akainuka. Siku zote alikuwaga anatoka kwa kunyata, mgongo ameupinda, kama mwizi wa kuku. Leo alisimama wima, akageuka, akakishika kiti kwa mikono miwili, akajitwika kichwani na kitambaa chake, akashuka nacho katikati ya kanisa.

"Mama Mchungaji!" Alikuwa Dorah, katibu wa kina mama, sauti imempanda. "Kiti chetu unakipeleka wapi?"

"Mlangoni, dada Dorah. Karibu na kazi."

Akakitua pale, akanyoosha kitambaa, akatoka. Pikipiki ikaunguruma. Ndani vichwa vyote viligeukia mlangoni mpaka Jastin aliposema, "Tuendelee. Tulikuwa pointi ya pili."

Mama Luhende alikuwa amevaa gauni la kanisani na ameshika kamba. Na yeye hakwenda ibadani. Marieta akavaa glovu, akaongea na mtamba kwa upole, mkono ukaingia, mrija ukapita, basi. Akanawa kwa sabuni mpaka begani, akanawa tena.

Mahubiri ya Jastin yana urefu wake. Marieta aliporudi kanisani alimkuta pointi ya tatu. Lakini kiti alikikuta kimerudishwa mbele, kimewekwa palepale, kitambaa kimenyooshwa.

Marieta akapita katikati ya kanisa, akajitwika kiti tena, akarudi nacho mlangoni, akakaa. Safari hii Dorah aliondoa miguu yake njiani.

Kanisa lile lina desturi: ibada ikiisha, mchungaji hutangulia kutoka, husimama nje ya mlango, na kila mtu akipita humpa mkono huku kwaya inaimba. Njia ni moja. Na sasa, kabla hujaufikia mkono wa mchungaji, unakutana na wa mke wake.

Mzee Mashimba ndiye aliyetangulia. Mkono wa Marieta ulikuwa umeshanyooshwa. Mzee akauangalia.

"Umenawa, mama?"

"Kwa sabuni, mpaka begani. Na wewe mzee, uliyekamua alfajiri?"

Sauti ya pili ya kwaya ikakatika kwa kicheko. Foleni ikasimama. Wakarudia kiitikio, wakakirudia tena.

"Mashimba, mura, shika mkono tutoke!" alipaza Mzee Bernado, rika lake, kutoka nyuma. "Tuna njaa!"

Mzee akatazama nje kutafuta msaada kwa mchungaji. Jastin akaacha mahali pake, akarudi ndani, akasimama upande wa pili wa kiti cha mkewe, nyuma yake kidogo. Akaweka mikono yote miwili mfukoni, akasubiri.

Mzee akatoa vidole viwili. Marieta akachukua mkono mzima, akaubana.

"Kikao cha wazee ni Jumatano," mzee alisema kwa chini.

"Nitakuja, mzee. Nitakuja na kiti changu."