Wataalamu wa Hongo na Mgeni Wetu wa Nyuma ya Pazia

Vita vya nchi jirani vilipokwisha, kitu cha kwanza kujengwa upya kule hakikuwa daraja wala shule. Ilikuwa semina. Na kwa kuwa hoteli zao hazikuwa na maji, semina zikahamia Nairobi, na moja ikashuka hadi ukumbi wa mtaa wetu huku Eastlands, ule wa harusi na ndondi. Wataalamu wa kupambana na hongo na magendo walikuwa wanatafuta ushahidi wa wakimbizi.

Sisi tulikuwa na mkimbizi wetu. Alikuwa muuguzi kwao, rafiki wa mume wangu kutoka kanisani, na alilala nyuma ya pazia katika chumba chetu kimoja. Mpole ajabu, hata akikohoa anaomba radhi. Mkewe na binti yake walibaki kule, katika nyumba ya hospitali, naye alikuwa mbioni kuwarudia. Viatu vya mtoto alishanunua. Alichosubiri ni mshahara wa mwisho wa kibarua chake cha kiwandani kule Baba Dogo.

Lakini alikuwa na jambo rohoni. Wakati wa vita, daktari mkuu wa hospitali yao alikuwa akipakia dawa za majeruhi kwenye lori na kuzivusha zije kuuzwa huku. Muuguzi alizikuta kwa macho yake dukani Eastleigh, mhuri wa hospitali bado uko juu. Watu walikuwa wamemfia mikononi kwa kukosa dawa hizo hizo. Aliposikia wataalamu wanakuja, akapiga shati pasi.

"Shemeji," nikamwambia, "huyo daktari bado yuko kazini?"

"Yuko."

"Basi funga mdomo, panda basi uende kwa mkeo."

"Shemeji, hawa ni wataalamu. Wamesema kila kitu ni siri."

Siri! Haya.

Nilikwenda naye. Kiongozi wao, bwana mmoja mrefu aliyevaa suti nzito kwenye joto lile, alitueleza weee kwamba hongo ni mbaya. Tulishangaa kweli. Sisi ambao hata bomba la maji likiziba tulikuwa tunatoa chai ndipo fundi wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, aje, tulidhani ni jambo zuri. Kisha mashahidi wakaitwa mmoja mmoja chumba cha nyuma. Wetu alikawia huko. Alitoka macho mekundu lakini mgongo umenyooka, na njiani nikamsikia anapiga mluzi, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya.

Sasa sikia utaalamu. Utaratibu wao ulisema malalamiko yapelekwe kwa mkuu wa mahali panapohusika ili ayachunguze. Na mkuu wa hospitali ile ni nani? Daktari. Basi wakampelekea daktari malalamiko juu ya daktari, jina la mlalamikaji likiwa limeandikwa vizuri, asije akapata taabu ya kulitafuta. Siri ilitunzwa kabisa: ni daktari peke yake aliyeambiwa. Wallahi hata mwizi wa kuku hapewi heshima hiyo!

Daktari akachunguza. Alijihoji kwa ukali, akajikuta hana kosa. Halafu mke wa muuguzi akatolewa katika nyumba ya hospitali, vyombo nje, mvua inanyesha, na askari wakawa wanapita alikohamia kuuliza mumewe atarudi lini. Mke akatuma maneno kupitia dereva wa lori: usije, hata ukisikia nimekufa usije.

Mtu mzima alilia kitandani kwake. Roho iliniuma vibaya. Nilitamani kwenda kuwararulia watu wale suti zao.

Baada ya miezi kadhaa wakarudi wenyewe, semina ya kupongezana. Hospitali ya daktari ilisifiwa kwa kujibu malalamiko haraka kuliko zote, ukumbi ukapiga makofi. Tulipokuwa tunatoka, bwana wa suti akamtambua muuguzi wetu. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza kwa upole mbona bado yuko Nairobi na nchi yao imeshatulia.

"Mke wangu amenikataza kurudi," akajibu.

Yule bwana akasikitika sana. Akamwambia mambo ya ndoa wao hawaingilii.