Siku Dadima Aliponificha Kabatini

Alhamisi iliyopita nilikuwa nangojea lifti katika jengo anakoishi shangazi yangu, Thorncliffe Park, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni. Mlango wa jirani ukafunguliwa, harufu ya ubani ikanijia puani. Jamani! Mwanamke mzima, mkoba wa kazini begani, nimeegemea ukuta kama mgonjwa. Wengine ubani huwakumbusha maulidi na harusi. Mimi hunirudisha ndani ya kabati.

Nilikuwa na miaka saba, na sisi pia tulikaa jengo hilohilo. Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo uwanja wa ndege, kule Malton; Mama, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa keshia. Jioni nilibaki na Dadima, mama yake Baba. Yeye alitoka Kampala, mwaka ule Wahindi walipoamriwa wafunge virago. Ndugu zake wenye pasi za Kiingereza walikimbilia Uingereza, wakatapakaa Leicester. Yeye akaangukia huku kwenye theluji, mjane na mwanawe mmoja. Ukimwuliza habari za kule, atakwambia matoke yalikuwa mazuri, basi.

Kila Alhamisi jua likizama, Dadima alifukiza nyumba. Makaa aliyawasha juu ya jiko la umeme, jambo lililomfanya Mama ashike kichwa, akayatia kwenye chetezo, akanyunyizia ubani, akazunguka kila pembe akinong'ona dua. Kwa kawaida alifungua madirisha. Siku ninayoisema baridi ilikuwa ya kukata masikio, naye akakataa katakata. Moshi ukajaa. King'ora cha moshi kilichokuwa darini kikaanza kulia, kisha kengele ya jengo zima ikapokea.

Mwalimu alikuwa ametufundisha: ukisikia kengele, acha kila kitu, toka. Nikakimbilia viatu. Dadima, chetezo mkono mmoja, taulo mkono mwingine, akawa anakipepea king'ora na kukikaripia. "Subiri, kitanyamaza," akaniambia. Hakikunyamaza. Baada ya muda nikasikia mabuti koridoni, kisha mlango wetu ukapigwa ngumi, na sauti za wanaume zikifoka kwa Kiingereza.

Dadima alibadilika rangi. Chetezo kikamponyoka, makaa yakatawanyika zuliani, wala hakuyatazama. Alinikwapua, akanisukuma kabatini katikati ya makoti, akaingia na yeye, akavuta mlango, akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka kitunguu saumu.

Kwenye upenyo niliona zulia likifuka moshi, na moshi huo haukuwa wa ubani tena. Nilijua tutaungua. Niliogopa, wallahi, mpaka nikajikojolea. Nilitaka kupiga kelele kwamba tuko huku, lakini kila nilipojitikisa alinibana zaidi, na moyo wake niliusikia mgongoni mwangu ukienda mbio kuliko wangu. Mlango wa nyumba ukavunjwa. Maji yakamwagwa. Kabati likafunguliwa, na mbele yetu akasimama mzima moto, mrefu, helmeti kichwani, barakoa imemfunika uso wote.

Dadima akanikinga kwa mwili wake. Akaanza kuvua bangili zake za dhahabu, akizivuta mpaka ngozi ikachubuka, akamnyooshea. Kwetu alisema Kikachi tu, lugha ya mababu zake wa Kihindi. Kiswahili kilikuwa cha Mama na mimi; yeye sikuwahi kumsikia akikisema. Siku hiyo alikisema, tena cha kuomba. "Afande, chukua. Chukua zote. Mtoto niachie, afande."

Yule mtu akavua barakoa. Kumbe kijana tu, jasho linamtiririka. "Anasema nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Anasema usinichukue."

Akapiga magoti kwenye zulia lililolowa. "Mwambie hatukuja kumchukua mtu." Nikamwambia. Hakuamini. Mkono wake ulibaki umenyooshwa mpaka Mama alipofika, akamvisha bangili zake moja moja.

Kisa hiki baadaye tulikigeuza kichekesho. Kwenye harusi nilikuwa nakiigiza mwenyewe, Dadima anamhonga mzima moto, na watu wanakufa kwa kicheko. Baba tu ndiye aliyekuwa akiinuka kwenda kutafuta chai.

Tulipokwisha kumzika Dadima, ndipo Baba aliponieleza. Katika njia ya Entebbe, kwenye kizuizi, askari waliwashusha garini. Dadima aliwanyooshea bangili, akawaomba kwa Kiswahili, lugha ya wanajeshi wale, maneno yaleyale. Wakazichukua bangili. Wakamchukua na Babu, na hakuonekana tena. "Mtoto wakamwachia," Baba akasema, akivitazama vidole vyake. "Mtoto mwenyewe ni mimi."

Miaka yote nilidhani Dadima hakuielewa hatari, bibi wa watu, mgeni wa nchi. Nilidhani mle kabatini tuliogopa kitu kimoja. Kumbe moto niliuogopa peke yangu. Yeye alikuwa anangoja kuona safari hii atachukuliwa nani.