Kupima Tansiyo Salamabila, na Chupa Niliyoikataa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika viatu mkononi. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na sikutaka kuingia kituo cha afya na matope. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, katika kijiji kimoja cha territoire, yaani wilaya, ya Kabambare. Titulaire, ndiyo kusema muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa mzee wa kabila la Wabangubangu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Vaa viatu, mwanangu. Wagonjwa wakikuona hivi watasema tumeletewa mulimaji."

Nilivaa. Jina langu ni Mwamini, mzaliwa wa Kasongo, na siku hiyo sikuwa nimetimiza hata mwezi mmoja tangu nimalize shule ya uuguzi.

Saa nne akaja katekista wa kijiji. Alilalamika kichwa kinamuuma kisogoni na macho yanaona nyota. Titulaire alikuwa ameshaandika malaria kwenye karatasi kabla mtu hajakaa vizuri. Niliomba nimpime tansiyo, yaani shinikizo la damu. Mashine ilikuwa ndani ya droo, imefungwa katika kitambaa, maana ilitumika kwa wamama wajawazito tu. Nilimfunga mpira mkononi, nikapampu, nikasikiliza kwa stetoskopu. Ninyi vijana wa uuguzi mnajua: pigo la kwanza unalolisikia ni namba ya juu, nguvu ya damu wakati moyo unasukuma, na mapigo yanaponyamaza ni namba ya chini, wakati moyo unapumzika. Kwetu tunazisema kwa kifupi, mia na arobaini tunaiita kumi na nne, na tunafurahi zikiwa chini ya kumi na nne kwa tisa.

"Ishirini na moja kwa kumi na mbili," nilisema.

Titulaire alinivuta nje ya mlango.

"Umeshaona namba. Sasa utamupa nini? Dawa ya tansiyo iko hapa?"

"Haiko, Baba."

"Basi usipime kitu usichoweza kukitibu. Unamuongezea mutu woga tu."

Katekista alirudi nyumbani na vidonge vya malaria. Jumapili ilipofika alianguka akiwa anapiga ngoma ya kuita watu kanisani. Hakuamka. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma ya watu, na mkononi mwangu nilikuwa bado nasikia yale mapigo yake.

Titulaire hakuwa mtu mbaya. Mikono yake ilizalisha nusu ya kijiji kile. Lakini kesho yake nilitoa mashine ndani ya droo, nikaiweka mezani, nikampima kila mtu mzima aliyeingia, hata aliyekuja na kidonda cha jembe.

"Nilikukataza," alisema Titulaire.

"Ndiyo, Baba. Ulinikataza."

Nikaendelea kupampu.

Kwa kweli swali lake lilinisumbua: utampa nini? Dawa zilikuja kwa msimu, kama uyoga. Nikaanza kuwauliza watu mambo ambayo shuleni hatukufundishwa kuyauliza. Nani anapika kwenu? Chumvi anaitia mara ngapi? Samaki mnayemkula ametoka mtoni mbichi au ni makayabo, yule wa chumvi? Unakunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji? Unalala saa ngapi? Nikaona kwamba hata pasipo kidonge, mtu hatoki mikono mitupu. Chumvi ikipungua, lotoko ikiachwa, tumbaku ikizimwa, mwili ukitembea, namba inashuka. Haishuki kwa kila mtu, wala haishuki sawasawa. Lakini niliiona ikishuka, nikaiandika katika daftari la kituo kwa wino mwekundu ili Titulaire asipite bila kuiona.

Baadaye nikahamishiwa Salamabila. Asiyewahi kuona Salamabila ya dhahabu siwezi kumweleza kwa siku moja. Watu wa Bukavu, wa Uvira, wa Kindu, Wazimba, Wabangubangu, Waislamu, Wakatoliki, watu wa maombi, wote wameingia katika udongo uleule wakitafuta kitu kimoja. Wachimbaji walilala kidogo, wakavuta sana, wakanywa lotoko asubuhi ili washuke shimoni bila woga. Na walikula kwa Mama Feza.

Mama Feza alikuwa na hoteli ya mabati karibu na kituo cha pikipiki. Bugali yake, sombe yake ya majani ya muhogo, makayabo yake, vilijulikana mpaka machimbo ya mbali. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayeita kila mtu "mume wangu", hata paroko. Alipokuja kwangu kwa mara ya kwanza alikuwa anahema kwa kupanda ngazi mbili tu. Ishirini kwa kumi na moja na nusu.

"Mama Infirmière, miye sina ugonjwa. Niko na uchovu tu."

"Tansiyo haibishi hodi, Mama. Nionyeshe unavyopika."

Nilikwenda jikoni kwake. Alimwaga chumvi kwa kiganja. Juu yake akavunja kube za kuungia mboga, tatu, nne, halafu makayabo akamtupa ndani bila kumloweka. Nilimwambia: loweka, mwaga maji, loweka tena. Chumvi ya kutosha mtu kwa siku nzima ni kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyojificha ndani ya samaki na ndani ya kube. Tia kitunguu, tia pilipili, tia ndimu, tia majani ya ngai-ngai yenye uchachu wake. Ulimi utalalamika majuma mawili, matatu, halafu utazoea.

Siku ya kwanza ya chungu kipya, wachimbaji nusura wapindue meza.

"Mama Feza, mboga imekufa!"

"Hii ni chakula ya hospitali!"

Mama Feza alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona ng'ombe wa jirani anapigwa. Nilisimama katikati ya hoteli. "Anayetaka chumvi iko mezani," nilisema. "Lakini kila anayeitia, jioni aje nimpime, tuone." Wakacheka. Wengine wakaja kweli, kwa mchezo tu, na kati ya wale wenye kucheka niliwapata wengi wenye namba za kutisha, vijana wenye vifua kama milango.

Dawa zilipofika nilimpa Mama Feza kidonge kimoja kila asubuhi. Miezi minne baadaye alikuwa kumi na nne kwa tisa. Alipungua mwili, akaanza kwenda sokoni kwa miguu badala ya pikipiki. Hapo ndipo alipofika Mutalamu.

Ndivyo alivyojiita, yaani mtaalamu wa dawa. Alikuwa mtu mrefu, mtanashati, mwenye kipaza sauti na meza ya chupa. Maji ya mizizi, alisema, yanamaliza tansiyo kwa siku kumi na nne, moja kwa moja, na anayekunywa lazima aache vidonge vya wazungu, maana vinagombana tumboni. Sikatai majani. Bibi yangu alinikuza kwa majani. Ngai-ngai tunakula, kitunguu saumu tunakula, na kama vinasaidia damu kidogo, Mungu asifiwe. Lakini hivyo ni chakula. Mtu anayekwambia tupa dawa yako unywe chupa yangu, huyo hakupi chakula wala dawa.

Mama Feza alitupa vidonge. Hakuniambia. Aliona namba nzuri, akadhani amepona. Vijana wa kazi, liwekeni neno hili katika kila sikio: namba imeshuka kwa sababu ya dawa na ya chungu, haikushuka kwa sababu ugonjwa umehama.

Siku moja mchana waliniita mbio hotelini. Mama Feza alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kuume umelegea kama kitambaa kilicholowa. Alinitazama akitaka kusema kitu, na maneno yakatoka yamevunjika. Chini ya meza niliona chupa mbili tupu.

Nilimpakia kwenye gari la kampuni moja lililokuwa linapita, apelekwe hospitali. Halafu nikachukua mashine yangu, nikaenda sokoni. Sikuenda na hekima. Nilikwenda na hasira, na nasema hivyo wazi.

"Mutalamu!" niliita mbele ya watu. "Wewe unakunywa maji yako?"

"Kila siku, Mama. Chupa nzima."

"Kwa hiyo huna tansiyo."

"Miye? Niko kama mutoto wa shule!"

"Toa mkono."

Hakuweza kukataa, watu walikuwa wameshajaa. Alikunja shati kwa madaha. Nilimkalisha juu ya sanduku lake mwenyewe, nikamwambia anyamaze, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Nilipima. Nikangoja, nikapima tena, maana sikutaka hasira yangu isikilize badala ya masikio.

"Kumi na tisa na nusu kwa kumi na moja," nilisema kwa sauti kubwa.

Kicheko kilichotoka pale, nadhani mashimoni walikisikia. Mutalamu alifunga meza yake. Aliondoka na mkono wa shati bado umekunjwa.

Siku tatu baadaye niliitwa na daktari aliyekuwa juu yetu. Jina lake na ofisi yake naviacha. Mutalamu alikuwa na ndugu mkubwa, mtu wa kusikilizwa.

"Mama Mwamini," alisema daktari, "umemwaibisha mtu mbele ya soko. Siri ya mgonjwa ni nini?"

"Ni ya mgonjwa, Daktari."

"Namba yake umeitangaza?"

"Nimeitangaza."

"Basi utakwenda kuomba msamaha, na utaandika kwamba dawa yake hukuijua vizuri."

Nilifikiri. Katika jambo moja alikuwa na haki, na iliniuma zaidi kwa sababu ilitoka kinywani mwake.

"Kwa namba nitaomba msamaha," nilisema. "Hata sokoni, hata kwa kipaza sauti chake. Kwa chupa, hapana. Mama Feza hawezi kushika kijiko kwa mkono wa kuume. Siandiki."

"Unajua nitakachofanya?"

"Ninajua."

Nilikwenda sokoni nikaomba msamaha kwa namba. Watu walishangaa, Mutalamu alishangaa kuliko wote. Juma lile lile barua ya uhamisho ikanikuta: Nyangwe. Waliomaanisha adhabu hawakujua kwamba huko kuna samaki mbichi wa mto Lualaba, jambo ambalo kwa mpinzani wa makayabo ni baraka.

Mama Feza alirudi kwenye hoteli yake. Mkono haukurudi. Alijifunza kupika kwa mkono wa kushoto, na mwenye kudai chumvi alikuwa anamwonyesha ule wa kuume uliolala mapajani.

Nilikuwa Nyangwe mwaka wa pili nilipomwona mtu mrefu ameshuka pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye benchi nyuma ya wamama, akangoja zamu yake kama watu wote. Mutalamu.

"Umetoka Salamabila kuja kunigombeza?" nilimuuliza.

"Nilikunywa chupa zangu zote, Mama," alisema polepole. "Zilipoisha nikachemsha zingine. Kichwa hakiachi kuuma. Huko wote wananijua. Nitakwenda kwa nani?"

Nilifunga mlango kabla ya kumpima. Namba yake ya siku hiyo siitaji. Alianza kidonge, akaacha lotoko kwa shida na kwa matusi, akatembea kila siku mpaka ukingoni mwa mto na kurudi, akala kwa dada yake aliyeishi palepale, niliyemfundisha kupika. Alikaa Nyangwe miezi mitano, akaondoka akiwa na afya. Msidhani aligeuka mtakatifu. Nilisikia baadaye anauza chupa nyingine, za nguvu za kiume. Lakini kwa tansiyo, waliniambia, anawaelekeza watu kituoni.

Nimestaafu sasa, niko nyumbani Kasongo. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilijipima mwenyewe, nikakuta kumi na saba kwa kumi. Binti yangu alilia. "Mama, miaka yote hiyo!" Ndiyo, miaka yote hiyo. Mama yangu alikuwa nayo, bibi yangu pengine alikuwa nayo bila kujua jina lake. Kula vizuri siyo mkataba na Mungu. Nakunywa kidonge changu kila asubuhi, na chungu changu hakijarudi nyuma. Wananiambia, "Kwa umri huu, pumzika, kula unachotaka." Ninachotaka ni kuona wajukuu wakioa.

Wanaonisumbua sasa ni wamama wa sokoni Kasongo, wauza vitenge. Mkulima anatembea na mzigo kila siku. Hawa wanakaa tangu asubuhi mpaka jioni, kisha pikipiki mpaka mlangoni. Nikawakusanya wanane, Waislamu na Wakristo. Kila alfajiri, swala ikishakwisha, tunatembea kwa haraka kwenye njia ya Nyangwe, halafu tunarudi.

Kasongo yote ilisema. Wanawake wazima, mikono mitupu, hawana ndoo, hawana kuni, hawana mtoto mgongoni! Juma la pili chef wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, alitungoja njiani, mikono nyuma.

"Mama Mwamini, munaenda wapi?"

"Hatuendi pahali, Chef."

"Mutu hatembei bila pahali pa kwenda. Wengine wanasema ni siasa. Wengine wanasema ni uchawi."

"Waambie ni kutembea."

"Miye nasimamisha jambo hili mpaka nijue vizuri."

"Simamisha, Chef," nilimwambia. "Sisi kesho tuko hapa."

Usiku ule mmoja wa wamama aliniletea ujumbe kwamba anaogopa, na wa pili pia. Nikasema atakayekuja aje; nikibaki peke yangu nitakwenda peke yangu. Alfajiri nilifika kwenye kona tulipozoea kukutana. Kulikuwa na mtu mmoja amenitangulia, amefunga kitenge kiunoni, amevaa viatu vya mume wake, vikubwa, kamba zimekazwa.

Alikuwa mke wa chef.

"Umechelewa, Mama Mwamini," alisema, akaanza kwenda.