Nyumba Iliyovalishwa Sweta

Harufu ya Julai katika ploti yetu ya Kiganjo, kule Thika, ilikuwa ya nguo zisizokauka na makaa yanayowashwa. Jua lilijificha wiki nzima. Asubuhi kulikuwa na manyunyu yasiyofikia kuwa mvua, na upepo uliingia moja kwa moja kupitia matundu yaliyoachwa juu ya kila dirisha. Vyumba vyetu vilikuwa safu mbili zinazotazamana, kuta za mawe, mabati juu, bila dari. Januari, mabati yalipotuchoma utosi, tuliyapenda yale matundu. Julai tuliyachukia. Hakuna aliyewahi kutuambia yalikuwa na kazi gani. Tuliyaona kama mahali ambapo fundi alisahau kumalizia. Kwa hiyo baridi ilipoanza, ploti nzima ilifanya kazi moja tuliyoiita kuvalisha nyumba sweta. Matundu yalijazwa magazeti, magunia na mashati makuukuu, na blanketi lililochakaa likatandazwa chini ya mlango. Watu walitaniana kupitia kuta: wa chumba hiki sweta lake lina matobo, wa chumba kile amevalisha nyumba suti ya harusi. Ilikaribia kuwa sikukuu.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, baridi ilikuwa na mtu wa kutafuta. Tata Njoki, mdogo wake mama, aliyeishi chumba kilichopakana na chetu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto alipewa jina la nyanya yetu kama desturi ilivyotaka, basi sote tukamwita Cucu, yaani nyanya, ingawa alienea kwenye mkono mmoja wa mama, kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Muuguzi alikuwa amemwambia Tata neno moja ambalo kila mtu katika ploti alilijua kwa moyo: mtoto asipigwe na baridi. Baba Karis, jirani yetu mwendesha boda boda, hakupita pale mlangoni bila kuuliza kama Cucu ameamka vizuri na kama magoti yameacha kumsumbua. Tata alimjibu kwamba Cucu ni mzima, anauliza tu yeye atanyoa ndevu lini. Tulicheka, halafu tukanyamaza kusikiliza kama mtoto anakohoa.

Tata alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote. Alijua moshi ni mbaya kwa mtoto, kwa hiyo hakuwashia jiko ndani hata siku moja. Aliliwasha nje, akalipepea kwa kifuniko cha ndoo, akangoja hadi makaa yote yawe mekundu na moshi uishe kabisa. Kisha alimwita mama aje kuhakikisha. Mama aliinama, akanusa, akapitisha kiganja juu ya moto.

"Limeshika?" Tata aliuliza.

"Limeshika. Ingiza sasa kabla joto halijapotea."

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yetu yote juu ya jiko. Likitoa moshi ni adui. Likishika ni safi. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi, nikimtafuta mzembe, kwa sababu nadhani ningelala vizuri zaidi kama angekuwepo mzembe. Simpati. Kila mtu alifanya alichojua, na alikifanya vizuri. Sweta la chumba cha Tata lilikuwa zuri kuliko yote.

Asubuhi moja mlango wake haukufunguliwa. Mama hata alifurahi. Alisema leo wamepata usingizi wa joto, akatukataza kugonganisha ndoo. Uji ulipoiva alienda kubisha. Alibisha tena, kisha akaita jina, kisha akamwita Baba Karis, naye akauvunja mlango kwa bega. Ninachokumbuka kwanza ni joto. Lilitupokea usoni tukiwa bado kizingitini, joto zuri, lile lile tulilokuwa tunalitafuta tangu baridi ianze. Tata alibebwa nje akitapika, asijue yuko wapi. Cucu alikuwa na midomo myekundu, kama mtoto mwenye afya, na alikuwa amekufa. Mama aliendelea kumfunga vizuri kwenye blanketi, akikaza ncha shingoni, hadi Baba Karis alipomshika mikono. Baadaye daktari alitueleza kwamba makaa yanayowaka hutoa sumu isiyo na harufu wala moshi, na kwamba yale matundu juu ya dirisha yaliwekwa ili hewa mbaya ipate pa kutokea. Ndipo tulipojua kazi yake.

Nilisomea usanifu wa majengo. Ningependa kusema niliamua siku ile, lakini sina hakika, na kila nikilisema nahisi namtumia yule mtoto kujipamba. Chuoni nilijifunza kwamba nyumba huanzia kwenye jua na upepo kabla ya kufika kwenye ukuta. Mwaka jana ofisi ninakofanyia kazi ilipewa kazi ya kuchora ploti ya kupangisha kule Mwihoko, nami nikaachiwa mchoro wa kwanza. Nilielekeza madirisha kaskazini, ambako jua la Julai huelemea. Nilichora dari ya mbao chini ya mabati, kila chumba na dohani yake ya kutolea moshi wa jiko, na matundu yenye kona ndani ili hewa itoke bila upepo kumpiga mtu aliyelala. Niliamini hakuna atakayetamani kuyaziba. Kisha mchoro ukaanza safari. Mwenye ploti alitaka vyumba zaidi, vikageuzwa kutazama ukuta wa jirani. Dohani zikaondolewa kupunguza gharama. Saruji ilipofika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, dari nayo ikaondolewa. Nilipinga, pengine kwa maneno mengi mno, na bosi wangu akasema, "Yeye anajenga vyumba. Wewe unajenga hoja." Matundu peke yake yalibaki, bila zile kona, kwa kuwa mkaguzi wa kaunti huyatafuta.

Sasa Tata anaishi Kiuu, na dirisha lake haliwahi kufungwa, mvua au jua. Sijamwonyesha nyumba ile. Kiganjo hatukujua, Mwihoko nilijua kila kitu, nikakiandika kwa vipimo, na kilichosimama mwishoni ni chumba kile kile, ila mawe yake ni mapya. Wapangaji walianza kuhamia mwezi wa sita. Nilienda nikiwa na kisingizio cha kukagua nyufa, nikamkuta mama mmoja kijana akipanga sufuria zake, mtoto mgongoni. Nilimsalimia, nikamwomba asiingize jiko ndani hata likiwa limeshika, na asizibe matundu yale juu. Nilimweleza kwa nini, nikamweleza tena. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akatazama mabati, akamvuta mtoto juu kidogo mgongoni.

"Sawa, nimeskia," akasema. "Na baridi nayo, nitaiambia nini?"