Mama Karibuni na Njia ya Juu

Wageni walimwita Mama Karibuni, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kwanza kila walipoingia ofisini na mabuti yao mapya. Kazi yake ilikuwa kuwajulisha nchi kabla hawajaikanyaga. Akisimama mbele ya ramani, kijiti mkononi, aliwaonyesha mabonde, madaraja ya kamba na vibanda vya kulala. Aliwatania pia. "Mlima hauna haraka. Wenye tiketi ya kurudi ni ninyi."

Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja: marehemu hawatajwi mbele ya wageni. Basi kila kijiti kilipofika Njia ya Juu, mahali ambapo mumewe mpagazi alitumbukia kwenye ufa wa barafu na mizigo ya watu mgongoni, yeye alisema tu, "Hapa mtaona mandhari nzuri." Mwili haukuopolewa. Alikuwa ameshazoea kusema hivyo, na alijichukia kwa kuzoea.

Asubuhi hiyo kitinda mimba wake alikuwa nyuma ya chumba, akikunja kamba. Alikuwa amepewa kundi lake la kwanza kuongoza, nalo lilitaka Njia ya Juu, ilhali theluji mpya ilikuwa imefunika nyufa zote. Nyumbani walikuwa wamebishana mpaka chai ikapoa.

"Nisipoenda mimi, ataenda mwingine, mama."

"Aende huyo mwingine. Mimi sikumzaa."

Mwana akililia wembe mpe, majirani walimwambia. Yeye aliona waliosema hivyo hawakuwahi kumngoja mtu wa mlimani. Maneno yalipogonga mwamba kwa mwanawe, aliamua kuwatisha wageni wa kundi hilo. Wakiogopa, kundi litavunjika, na mtoto atabaki chini.

Kijiti kikafika Njia ya Juu, kikasimama.

"Mume wangu yumo humu," alisema.

Akawaeleza yote: theluji ilivyoonekana imara, wenzake walivyomsikia akiita mpaka akanyamaza, na kwamba mtu haozi ndani ya barafu, huenda bado ana uso ule ule alioagana nao. Meneja wa ofisi, aliyesimama mlangoni, alimkodolea macho. Mama Karibuni alijua kibarua kimeota nyasi, wala hakujali.

Mwanamke mmoja wa makamo alifuta machozi, na moyo wa Mama Karibuni ukatulia kidogo.

Kisha mwanamume wa benchi la mbele akainua mkono kwa adabu. "Tunaweza kupita hapo hapo? Tungependa kusimama kidogo, tumpe heshima zake."

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Yule aliyelia akauliza kama wanaweza kubeba maua.

"Bila shaka," meneja alidakia, akiingia. "Tena kiongozi wenu ni mtoto wa marehemu mwenyewe."

Wote wakageuka kumtazama kijana.

"Nimesema hapapitiki," Mama Karibuni alisema. "Hamkunisikia?"

"Tumekusikia, Mama," mwanamume yule alimjibu kwa upole, na macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye ramani.

Kijana alijitwika kamba begani. Hakuwa na hasira tena na mama yake. Alimbusu kwenye paji la uso. "Mimi nilikuwa naenda kazini tu," alisema. "Sasa nina sababu."

Kundi liliondoka kabla ya adhuhuri. Meneja hakumfukuza Mama Karibuni. Alimwomba tu kundi lijalo nalo alisimulie vile vile.