Hoteli ya Kikantoni Niliyoichagua Mimi

Hoteli niliichagua mimi. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu mume wangu akiisimulia safari yetu ya Dar es Salaam mbele ya watumishi wenzake hapa Sumbawanga, husema "tulichagua hoteli ya Wachina." Hatukuchagua. Yeye asingeweza kutofautisha hoteli ya Kikantoni na banda la kukaangia mihogo, na baba yake mdogo ndiyo kabisa.

Mimi nilijua kwa sababu ya kazi. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa karani wa masjala katika hospitali moja walikokuwapo madaktari wa Kichina. Mpishi wao alikuwa mtu mzima kutoka Kantoni, mwembamba, asiyependa kelele. Kila lori la Kirando lilipopandisha samaki alikuja kuniita masjala, maana alishajua mimi ni mtoto wa Kirando na mama yangu ameanika dagaa maisha yake yote. Tulisimama sokoni tukigeuza samaki. Mimi nilifunua mashavu nikatafuta wekundu, yeye alitazama jicho, na hatukupata kupingana hata siku moja. Kisha alimpika kwa mvuke, mzima na kichwa chake, kwa tangawizi na majani ya kitunguu, na mafuta ya moto kijiko kimoja juu yake mwishoni. Basi. Nilipomuuliza pilipili iko wapi, alifikiri kidogo akasema, "Pilipili nyingi, samaki zamani." Alinifundisha pia kwamba kwao kichwa cha samaki huelekezwa kwa mtu anayeheshimiwa mezani, na wengine hawagusi mpaka huyo ameanza.

Mume wangu alizisikia habari hizi tangu tukiwa wachumba. Ndipo binti yetu, ambaye jicho lake la kushoto lilichuruzika machozi tangu kuzaliwa, alipoandikiwa kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Ndani ya basi la kwenda Tunduma kupanda treni, mtoto amelala mapajani mwangu na vumbi limetupaka sote rangi moja, mume wangu alisema, "Jicho likipona, mama, nitakupeleka kwa hao Wakantoni wako. Wewe na mimi, meza moja."

Mtu wa mjini ataona ni ahadi ndogo. Sisi tunakaa kwenye ua wa mama yake. Yeye hula sebuleni na wanaume, mimi hula jikoni nikichochea kuni. Miaka mitatu ya ndoa, na sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akitafuna. Nilikaa shule ya bweni nikala kwenye meza ndefu na wenzangu tukibishana historia, halafu nikaolewa nikarudishwa kwenye kigoda. Kwa hiyo ile meza moja niliishika moyoni njia nzima, vituo vyote, mpaka pwani.

Dar es Salaam tulifikia kwa baba yake mdogo, mtu wa mikutano, anayemwita kila mtu ndugu. Mkewe alikuwa amekwenda kijijini kulima, hivyo jiko likawa langu tangu siku ya kwanza. Nilirudi kutoka hospitali na mtoto mgongoni, nikapika, nikawatengea, nikala jikoni. Haidhuru, nilijiambia, siku yangu inakuja.

Jicho likazibuliwa. Jumamosi asubuhi lilikuwa kavu, safi, linanitazama. Mume wangu akavaa shati lake la kaunda, akasema, "Baba mdogo naye atakuja."

"Umemwalika?"

"Tumelala kwake wiki nzima, mama. Nitamwachaje?"

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Mezani."

"Na yeye?"

"Mezani. Hoteli si nyumbani. Nimeshaongea naye."

Naeleza kwa asiyejua. Kwa ukoo wao, mkwe wa kike hali mbele ya baba mkwe, na baba mdogo wa mume ni baba mkwe vilevile. Hatazamani naye wakitafuna, wala mmoja hagusi chakula alichotia mkono mwenzake. Desturi hiyo naijua na nimeitii. Lakini mume wangu alisema ameshaongea naye, nami nikamwamini. Kosa langu ni hilo moja tu.

Hoteli ya kwanza aliipendekeza baba mdogo. Taa nyekundu mlangoni, joka la karatasi, mhudumu mwenye tai. "Wakubwa hula hapa," alisema. Nilimwuliza mhudumu samaki anapikwaje, akanijibu, "Kwa pilipili, tena nyingi." Nikageuka nikatoka.

"Mkwe wangu anawafukuza Wachina hata kabla ya kuwaamkia," baba mdogo akamwambia mume wangu.

Ya pili ilikuwa na kuku wa kukaanga na tambi zilizomwagiwa sosi ya nyanya. Hapakuwa na Mchina mmoja anayekula mle. Nikatoka tena. Jua lilikuwa utosini, mtoto ananiloweka jasho mgongoni, na wanaume wawili wananifuata nyuma wakilalamika njaa kama vifaranga.

"Mama, tutakula au tutakagua?" mume wangu akauliza.

"Ukinunua ng'ombe mnadani Mtowisa humkagui?"

Tukaendelea kutembea.

Ya tatu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa lisilokuwa na kitambaa hata kimoja. Hakuna joka, hakuna taa nyekundu. Lakini ngazini nilikutana na harufu ya tangawizi na majani ya kitunguu, na juu nikaona familia mbili za Kichina, na bibi mmoja amenyamaza kabisa akichambua kichwa cha samaki. Nikasema, "Hapa."

Mwenye hoteli, mama wa makamo mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto, alinipeleka jikoni kwenye beseni la samaki wa asubuhi ile. Nikafunua mashavu. Nikatazama jicho. Nikamkataa wa kwanza na wa pili, wa tatu nikamshika kwa mikono miwili. Yule mama akanitazama vizuri.

"Mvuke?" akauliza.

"Mvuke. Na kichwa chake."

Akacheka, akanigusa bega.

Nilitoka jikoni nikiwa na furaha, nalikiri. Mume wangu na baba yake mdogo walikuwa wameketi dirishani, kwenye meza ya mviringo yenye viti vinne. Mfuko wa nepi za mtoto na kanga yangu ya akiba, nilivyokuwa nimewaachia, havikuwapo pale. Vilikuwa nyuma ya nguzo, kwenye kimeza kidogo karibu na mlango wa jikoni, chenye viti viwili, kimoja kimeelekezwa ukutani.

"Mkwe wangu," baba mdogo akasema huku akitazama nje, "pale utakuwa huru zaidi."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akiisoma orodha ya vyakula iliyoandikwa Kichina kitupu.

"Baba watoto," nikamwita.

"Nisaidie leo tu," akanong'ona. "Ni mzee."

Nikapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, nikasema, "Baba, majuzi ulitoka mkutanoni ukatuambia binadamu wote ni sawa."

"Ndiyo, sawa," akasema. "Lakini usawa si kutazamana midomoni, mwanangu."

Nikaenda nyuma ya nguzo. Ukuta ule naukumbuka mpaka leo: rangi ya maziwa, ufa umeshuka kama mto unaoingia ziwa Rukwa, na msumari usio na picha. Nilisafiri siku tatu kuja kula na ukuta.

Sikulia. Nilimfungua mtoto, nikamkalisha mapajani, nikasubiri. Kule dirishani niliwasikia wakizungumzia bei ya mahindi, na kila harufu ilipotoka jikoni mazungumzo yalikatika.

Ndipo yule mama akatoka na sahani ndefu. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Aliwatazama wale wawili dirishani, akanitazama mimi, akaja moja kwa moja kwangu. Aliyemchagua samaki ni mimi, hakuwa na sababu ya kumpeleka kwingine. Aliiweka sahani, akaizungusha taratibu mpaka kichwa kikanielekea, akarudi jikoni.

Nikatia mkono. Vijiti vilikuwapo na kijiko kilikuwapo. Nilitia mkono, makusudi, nikammega hapo nyuma ya shavu penye nyama laini kuliko zote, nikampa binti yangu. Jicho la samaki nikalitia kinywani mwangu. Alikuwa mbichi wa asubuhi kweli, mtamu mwenyewe, bila kuhitaji kusaidiwa.

Mume wangu akaja na sahani tupu.

"Tukatie upande mmoja, mama. Baba mdogo anangoja."

"Nimeshatia mkono."

"Si neno."

"Kwako si neno," nikasema, na sikupunguza sauti. "Kamuulize baba yako mdogo kama anakula chakula alichotia mkono mkwe wake."

Kule dirishani baba mdogo akakohoa. "Mwache ale," akasema. "Mwache tu."

Mume wangu hakuondoka. Nikakisukuma kile kiti cha pili kwa mguu mpaka kikamgusa goti.

"Wewe unaruhusiwa," nikamwambia. "Mimi si mkwe wako. Kaa."

Alikitazama kiti. Akatazama dirishani. Niliuona mkono wake ukigusa mgongo wa kile kiti, vidole vinne vikakaa pale muda ambao mtu angeweza kumeza tonge mbili. Halafu akarudi dirishani na sahani yake tupu.

Walikula wali mweupe na mchuzi wa mchicha, maana nilikuwa nimeagiza samaki mmoja tu, mkubwa, wa meza moja. Mimi nilimmaliza mpaka mkiani. Nilishiba mpaka kanga ikanibana, na hasira haikupungua hata kidogo. Watu husema mtu akishiba hasira hushuka. Waongo.

Juzi watumishi wenzake walikuja hapa nyumbani. Nilikuwa mlangoni na ugali wao mikononi nikamsikia akiwahadithia: hoteli ya ghorofani, joto la Dar, tulichagua, tulikaa, tukala samaki wa Kikantoni hana mfano.

"Alikuwa mtamu ajabu," akasema, akanigeukia. "Au vipi, mama?"

Niliweka ugali mezani, nikaweka na maji ya kunawa.

"Wewe umejuaje?" nikamwuliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye ugali. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kunawa.