Mupepo wa Nkambo

Sisi tuliokulia Kamina miaka ile ya vita tulikimbiza jante tupu za magurudumu ya baiskeli kwa kijiti, tukala bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa Mulongo, na tukajifunza kutouliza. Nchi ilibadilishwa jina, bendera nayo ikabadilishwa, askari waliokuwa wetu jana wakaitwa adui leo. Ukimwuliza mkubwa, anakujibu, "Weye mutoto, kula, nyamaza." Tulikula tukanyamaza, lakini vichwa vyetu vilikuwa vimevurugika kabisa.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Pampu yake ya mkono iliondoka na askari mmoja aliyesema anaiazima tu, basi baba akaamua kujiundia kompresa. Moteri aliitoa kwenye frigo bovu ambalo shangazi alikuwa amelifanya kabati la nguo. Likabaki na tundu nyuma, panya wakahamia, na shangazi akanuna mpaka Krismasi. Chupa ya kuhifadhia hewa ilitoka kwenye breki za lori lililokufa nyuma ya soko. Viungo alivilehemu mwenyewe, akavipaka povu la sabuni, akainama kutazama kama kuna kinachovuja. Hakikuvuja hata kimoja. Umeme uliporudi, mashine ikanguruma, mshale wa kipimo ukapanda, majirani wakajaa uani.

"Mupepo iko ndani!" baba akapaza sauti. "Hata kura ikikatika, tuko na rezerve!" Kura kwetu ni umeme, na rezerve ni akiba.

Nkambo, mama yake baba, alikuwa na pumu. Aliketi mlangoni akivuta pumzi kwa taabu, akatania: "Njo mana minyi nakosa mupepo. Ile mashini inakula yangu yote."

Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa msichana wa miaka minane, na kwetu upepo, hewa na pumzi vyote huitwa mupepo. Tena nilijionea kwa macho yangu: moteri ikinguruma na kutoa moshi wa mafuta, Nkambo anakohoa, ikizimwa, anatulia. Baba alimpenda sana mama yake. Sasa mbona anamfungia pumzi chupani? Sikumwuliza mtu.

Mchana mmoja, umeme ukiwa umekatika na baba ameenda kutafuta mipira ya matairi, nilivuta bomba la mpira la kompresa mpaka kwenye mkeka wa Nkambo, nikafungua. Hewa ikatoka kwa mluzi, vumbi likaruka, kitambaa chake cha kichwa kikapepea. Nkambo akafumba macho kwa raha. "Aksanti, mama. Mupepo iko muzuri." Nilimpa yote, sikubakiza. Nilifurahi mno siku ile.

Siku ya tatu baada ya hapo watu wakaanza kukimbia. Wengine walisema twende Kaniama, wengine wakasema adui yuko huko huko. Nkambo hakuweza kutembea hata hadi kanisani, kwa hiyo lazima abebwe kwa baiskeli, na ya kwetu ilikuwa imelala matairi yote mawili. Fundi hujitengenezea mwisho. Umeme ulikuwa haujarudi. Baba hakuwa na wasiwasi, alikuwa na akiba yake. Akaunganisha bomba, akafungua, kimya. Mshale ulikuwa kwenye sifuri.

"Sudire inavuja," akasema polepole, akipapasa viungo alivyolehemu. "Sudire yangu."

Akajaza majani makavu ndani ya matairi, akamfunga Nkambo nyuma kwa kitenge, tukaondoka. Kila shimo lilimrusha. Njiani Nkambo aliniangalia mara nyingi, lakini hakusema neno, wala mimi sikusema. Kaniama tulifika naye akiwa hai. Wiki ya pili pumu ikamchukua. Matangani baba alishika kichwa akasema mbele ya watu wote, "Sudire yangu njo iliua mama."

Baba yuko hai hadi leo, mzee sasa. Tukitaja vita tu, anarudia maneno yale yale, na tangu siku zile hajalehemu tena kitu. Watoto wa siku hizi, waliozaliwa wakiuliza, wangemwandikia ukweli kwenye simu kabla chai haijapoa, pamoja na kijipicha cha uso unaolia. Ninawacheka, halafu ninawaonea wivu. Sisi tulifundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa, na tulifundishika. Ninamkatia baba papai, ninamsikiliza, na mpaka leo sijui kama kimya changu hiki ni heshima au ni woga.